Je, Wajua? Kiberiti Kwenye Moto Usio na Mwali

Je, wajua kwamba kiberiti kilichoko jikoni kwako kimepewa jina la salfa? Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu, nako lilikuwa jina la yale madini ya manjano kabla njiti hazijabuniwa. Ndiyo maana wasomaji wa Biblia hukisoma kiberiti kikishuka juu ya Sodoma wala hawafikirii njiti. Washa njiti moja sasa hivi. Ule moshi unaokereketa pua mwanzoni, kabla kijiti hakijashika moto, ni salfa iliyokwisha kuungana na oksijeni ikawa salfa dayoksaidi.

Salfa hiyohiyo ndiyo habari yetu leo, ila tunaifuata mahali pasipo na njiti wala mwali.

Je, wajua kwamba kitu kinaweza kuungua bila kukutana na hewa hata chembe? Chukua matanuri mawili yaliyounganishwa kwa mabomba. La kwanza linapulizwa hewa, la pili linalishwa gesi au makaa ya mawe. Kinachozunguka kati yake ni unga wa madini, punje zake kama mchanga laini wa ufukweni, nyingi zikiwa na upana usiofika nusu milimita. Punje ikipita kwenye hewa inashika kutu, yaani inabeba oksijeni. Ikifika kwenye tanuri la fueli inatua mzigo, fueli inaungua kwa oksijeni ile, na punje inarudi mikono mitupu kubeba tena. Kazi yake ni ya hamali wa bandarini, isipokuwa hamali huyu anafanya kazi kwenye nyuzijoto 800 hadi 1,000, safari baada ya safari, maelfu kwa maelfu. Wataalamu humwita mchukuzi wa oksijeni, na njia nzima ni uchomaji wa mzunguko wa kikemia.

Faida yake? Nitrojeni, ambayo ni zaidi ya robo tatu ya hewa, inabaki upande wa kwanza. Tanuri la fueli linatoa mvuke wa maji na hewa ukaa. Poza mvuke, mwaga maji, na hewa ukaa inabaki peke yake, tayari kubanwa na kuzikwa ardhini badala ya kuachiwa angani.

Je, wajua umri wa wazo hili? Warren Lewis na Edwin Gilliland wa Marekani walipata hataza mwaka 1954, nao walichokuwa wakitafuta ni hewa ukaa safi, si tiba ya tabianchi. Mwaka 1987 Masaru Ishida na wenzake wa Japani wakalipa jina linalotumika hadi leo. Mwaka 2003, Chuo Kikuu cha Chalmers mjini Göteborg, Sweden, kikauendesha mtambo wa kilowati 10 kwa saa 100. Mchukuzi aliyetumika alikuwa nikeli.

Nikeli! Likumbuke jina hilo.

Je, wajua kwamba mchukuzi anaweza kufaulu mitihani yote ya maabara, kisha akaanguka siku ya kwanza kazini? Methani ya maabara hutoka kwenye mtungi ikiwa safi. Fueli ya kweli haiko hivyo. Makaa ya mawe huja na salfa yake, pengine chini ya asilimia moja, pengine zaidi ya asilimia tano, kama baadhi ya makaa ya kahawia ya Uhispania. Gesi za viwanda vya kusafishia mafuta nazo huja na haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya mayai viza. Ukisoma habari za mchukuzi mpya anayesifiwa kila mahali, swali la kwanza la kuuliza ni hili: walimjaribu kwa fueli gani?

Je, wajua kwamba harufu inayokushtua mtungi wa gesi unapovuja jikoni si ya gesi yenyewe? Gesi ile haina harufu. Viwandani huongezwa merkaptani kidogo sana, kemikali yenye salfa, ili pua ikuonye mapema. Kiasi kinachotosha kukushtua ni kidogo mno, na salfa hiyohiyo ikizidi ndiyo inayomsumbua mchukuzi wa nikeli.

Je, wajua kwamba nikeli na salfa wameshikana hata chini ya ardhi? Nenda Kabanga, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Nikeli iliyolala pale ni ya salfaidi: metali na salfa katika jiwe moja, tangu enzi za miamba ile. Vivyo hivyo shaba ya Kilembe, karibu na Kasese nchini Uganda, ilichimbwa ikiwa imefungamana na salfa, na mabaki yake ya pairaiti yalikuwa na kobalti ambayo baadaye ilitolewa kwa msaada wa bakteria wanaokula salfa na chuma. Wachimbaji hutumia moto, asidi na hata vijidudu ili kuwatenganisha wawili hawa. Kisha mhandisi anawakutanisha upya ndani ya tanuri lake, kisha anashangaa kuwaona wakikumbatiana.

Hapo namwomba msomaji atulie kidogo, maana hapa ndipo penye kiini.

Punje ya nikeli inapoingia kwenye tanuri la fueli ikiwa na oksijeni yake, haina shida. Shida huanza ikishatua mzigo. Sasa uso wake ni nikeli tupu inayong'aa, nayo nikeli tupu ndiyo inayoivunja methani kwa wepesi kuliko metali nyingine zinazotumika kwa kazi hii. Haidrojeni salfaidi inafika, inaketi kwenye uso ule, na haiondoki. Kiti kilichokaliwa na salfa hakikaliwi tena na methani. Salfa ikizidi, haibaki usoni tu; inaingia ndani na kuunda salfaidi yenye nikeli tatu kwa salfa mbili. Tanuri linafanya kazi kwenye nyuzijoto 850 au 900, na salfaidi hii huyeyuka karibu na 790. Ikichanganyika na nikeli tupu, mchanganyiko huanza kuyeyuka hata chini ya 650. Kwa hiyo punje iliyotakiwa kububujika kama mchanga mkavu inalowa usoni. Punje mbili zikigusana zinanata. Mchanga ukinata hauzunguki, na tanuri ambalo mchanga wake hauzunguki limekufa.

Je, wajua kwamba viwanda vya siagi ya mimea viliijua tabia hii mapema? Mafuta ya maji hugandishwa kwa haidrojeni, kichocheo kikiwa nikeli, na mafuta yenye salfa huharibu kichocheo. Sumu ni ileile, mahali tofauti.

Je, wajua kwamba mtambo wenye nguvu ndogo kuliko pasi ya umeme ndio uliotoa moja ya majibu makubwa? Zaragoza, Uhispania, ina taasisi ya utafiti wa kemia ya kaboni, na humo watafiti akina Francisco García-Labiano, Luis de Diego na Juan Adánez waliendesha mtambo wa wati 500 tu. Pasi ya nyumbani hula wati elfu moja au zaidi. Mtambo ulikuwa mdogo, lakini ulizunguka kweli, tanuri hadi tanuri, na hilo ndilo lililokuwa likikosekana kwenye majaribio ya kikombe kimoja. Waliulisha gesi yenye haidrojeni salfaidi na mchukuzi akiwa nikeli. Nikeli ikachoka. Ushauri wao ni kwamba kwa kiwanda kinachotumia nikeli, gesi isafishwe kwanza hadi salfa ishuke chini ya sehemu 100 katika kila milioni.

Sehemu 100 katika milioni ni kama kijiko cha chai kwenye ndoo mbili na nusu za lita 20.

Walipofunga bomba la salfa, nikeli ilianza kupona, kwani salfa iliyoishika iliungua ilipofika kwenye tanuri la hewa na kuondoka. Mchukuzi huyu huugua lakini anatibika, mradi usiendelee kumnywesha sumu.

Je, wajua mahali pa kuugundua ugonjwa? Usiangalie tanuri la fueli. Angalia bomba la moshi la tanuri la hewa. Fueli haiingii pale, basi salfa dayoksaidi ikionekana pale, kuna aliyeibeba. Ama punje imerudi na salfa mgongoni, ama vipande vya makaa ambavyo havijaisha kuungua vimepenya pamoja nayo. Kwa gesi, ambapo hakuna makaa ya kupenya, ni ushahidi tosha kwamba mchukuzi ameshikwa. Ni hasara mara mbili, kwa sababu bomba lile linaelekea angani na sheria za uchafuzi wa hewa zinaliangalia.

Je, wajua kwamba shaba, ndugu wa nikeli katika mengi, ina ustahimilivu mkubwa kuliko yeye? Zaragoza walijaribu tena, safari hii kwa shaba iliyowekwa kwenye alumina. Salfa karibu yote ilitoka pale ilipotakiwa itoke, katika tanuri la fueli, ikiwa salfa dayoksaidi, na uchomaji haukutetereka. Ila kulikuwa na sharti: oksijeni iliyobebwa iwe angalau mara moja na nusu ya ile inayohitajika. Ilipopungua hapo, salfaidi ya shaba ikaanza kujitokeza na mchukuzi akapoteza nguvu.

Sharti hilo mimi naliona kuwa ndilo somo kubwa kuliko yote katika habari hii, kwa sababu linageuza swali. Watu huuliza: salfa ni kiasi gani? Swali lenye manufaa zaidi ni: salfa imemkuta mchukuzi akiwa na mzigo au akiwa mtupu? Palipo na oksijeni ya kutosha, salfa huishika oksijeni na kwenda zake kama gesi. Palipo na uhaba wa oksijeni, huishika metali na kubaki. Mhandisi anayeendesha tanuri kwa kubana matumizi, akipunguza mchanga unaozunguka ili aokoe umeme wa feni, ndiye anayeukaribisha ugonjwa mwenyewe.

Je, wajua kwamba oksaidi ya shaba ikipata joto la kutosha huachia oksijeni yenyewe, bila kusubiri iguswe na fueli? Hapo oksijeni inaelea ndani ya tanuri kama gesi, na makaa huungua haraka. Watafiti walichoma makaa ya kahawia yenye salfa asilimia 5.2 kwa njia hiyo, na sehemu kubwa ya salfa ikatoka kama salfa dayoksaidi upande wa fueli. Udhaifu wa shaba ni mwingine kabisa: metali yake huyeyuka kwenye 1,085, kwa hiyo usimpandishie joto ovyo.

Je, wajua nani anayeikabili salfa kwa utulivu kuliko wote? Chuma. Chuma kile cha kutu, cha paa la bati na cha udongo mwekundu. Katika hali ya kawaida ya tanuri la fueli, kemia haimruhusu kutengeneza salfaidi. Salfa hupita mbele yake na kutoka. Ukimnyima oksijeni kupita kiasi naye hushikwa, lakini mpaka wake uko mbali. Kasoro yake ni mzigo mdogo. Oksaidi ya nikeli hutoa oksijeni asilimia 21 ya uzito wake, ya shaba 20, lakini chuma kikitoka kutu nyekundu kwenda kutu nyeusi hutoa asilimia 3.3 tu. Kwa hiyo wanahitajika wachukuzi wengi zaidi kwa kazi ileile.

Wengi, lakini wa bei nafuu.

Je, wajua kwamba mmoja wa wachukuzi wanaotumika sana katika majaribio makubwa ni mchanga mweusi ambao meli zimeupakia Likoni? Ni ilmenaiti, madini ya chuma na titani. Huko Kwale, kusini mwa Mombasa, ulichimbwa kwa zaidi ya miaka kumi. Shehena ya kwanza iliondoka mwaka 2014 na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa 2024. Soko kubwa la mchanga huo duniani ni viwanda vya rangi nyeupe. Katika majaribio ya uchomaji huko Ulaya hutumika sana ilmenaiti ya Norway, jiwe la aina hiyohiyo. Wanaisifu kwa mambo matatu: haijali sana salfa, haina sumu kama nikeli ambayo misombo yake husababisha saratani, na tani yake ni dola mia chache wakati tani ya nikeli inapita dola elfu kumi. Ukichoma makaa ya mawe, lazima umwage majivu mara kwa mara, na majivu huondoka na baadhi ya wachukuzi. Mchukuzi wa bei ghali hawezi kutupwa namna hiyo. Kwa jambo hili siwezi kuficha upande wangu: muda mwingi umetumika kumlinda nikeli dhidi ya salfa, ilhali mchanga wa kawaida ulikuwepo.

Je, wajua kwamba kalisi ni rafiki katika tanuri moja na adui katika jingine? Kwenye matanuri ya kawaida ya makaa, mawe ya chokaa humwagwa makusudi ili kalisi iikamate salfa isiende angani. Sasa kuna wachukuzi waliotengenezwa kwa kalisi na manganizi pamoja, nao kwa gesi safi ni wa ajabu, wepesi na wasiochoka. Ipitishe salfa, na kalisi ile inafanya kile ilichozaliwa kufanya: inaikamata. Inatoka katika muundo wake, inakuwa kalisi salfeti, na mchukuzi aliyejengwa kwa uangalifu mkubwa anabomoka kidogo kidogo kutoka ndani. Huyu hatibiki kirahisi kama nikeli.

Je, wajua basi kwamba kalisi salfeti hiyohiyo imefanywa kuwa mchukuzi? Ni jasi, ile inayosagwa kwa ajili ya saruji na kufungia mifupa iliyovunjika. Ndani ya kalisi salfeti yenyewe, oksijeni inayoweza kutolewa ni asilimia 47 ya uzito, zaidi ya mara mbili ya nikeli. Kampuni ya Alstom iliijaribu njia hii nchini Marekani kwa mtambo wa megawati 3 uliokuwa Windsor, Connecticut. Jasi inatoa oksijeni inabaki kalisi salfaidi, kisha hewa inairudishia. Ugumu wake ni kwamba joto lisiposimamiwa vyema, salfa yenyewe inaponyoka kama gesi, na kila inayoponyoka inapunguza wachukuzi waliobaki.

Je, wajua kwamba salfa ikitoka salama katika tanuri bado haijafika mwisho wa safari? Imetoka pamoja na hewa ukaa. Ikikutana na unyevu ndani ya bomba la chuma inakuwa asidi na kulitafuna. Mradi wa Northern Lights wa Norway, unaozika hewa ukaa chini ya Bahari ya Kaskazini, unataka oksaidi za salfa zisizidi sehemu 10 katika milioni. Kusafisha ni lazima. Nafuu iliyopo ni kwamba gesi ya kusafishwa haina nitrojeni, kwa hiyo ni kidogo, na mtambo wa kuisafisha unaweza kuwa mdogo.

Je, wajua kwamba methani ya Ziwa Kivu nayo hupanda na haidrojeni salfaidi? Mtambo wa KivuWatt, Karongi nchini Rwanda, unaotoa megawati 26 tangu 2016, huiosha gesi kwa maji ya ziwa lenyewe kabla ya kuipeleka kwenye injini.

Na wenye mitambo ya gesi ya samadi je? Gesi ya kinyesi cha ng'ombe ina mayai viza yake pia, na hula jiko na taa. Dawa inayotumika vijijini ni chupa iliyojazwa stilwaya ya kusugulia sufuria au vipande vya chuma vilivyoachwa vikashika kutu, gesi ikapitishwa humo. Ifungue chupa hiyo baada ya wiki kadhaa. Kutu nyekundu imekuwa nyeusi tii, kuanzia upande gesi inakoingilia, na mpaka kati ya nyeusi na nyekundu unauona kwa macho, ukisogea siku hadi siku kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Joto la tanuri halipo hapa. Kwenye baridi, chuma hukamata salfa. Kwenye nyuzijoto 900 yenye oksijeni, huiacha ipite.

Itoe stilwaya ile uianike. Hewa inairudishia oksijeni, salfa inabaki kama unga, na wekundu unarudi mbele yako: ni mzunguko uleule wa matanuri mawili, uani kwako. Ila ianike juu ya karai la chuma, mbali na majani makavu, na uwe na maji karibu. Inapopokea oksijeni hupata moto kiasi cha kuunguza mkono, na ikirundikwa pamoja huweza kuwaka yenyewe bila kiberiti.